Kuruka huku unahesabu: mchezo upi kwa darasa lipi?

Kwenye semina za walimu mambo huonekana mepesi. Mkufunzi anachagua watoto kumi na wawili, anawapeleka kwenye saruji laini, wanakimbia, wanapiga hesabu, wanacheka, sisi tunapiga makofi. Jumatatu asubuhi unasimama mbele ya darasa lako la kweli hapa Goma, mashariki mwa Kongo (DRC): watoto 54, kiwanja cha mawe meusi ya volkano, filimbi moja, vipande viwili vya chaki, na somo la dakika 30 ambalo kutoka nje tu kumekwisha kula sehemu yake.

Tangu Septemba 2019, masomo ya shule za msingi za serikali yalipofanywa kuwa bure, madarasa yamejaa. Mchezo uliotungwa kwa watoto ishirini, ukiuleta kwa zaidi ya hamsini, unakuwa mchezo mwingine kabisa. Ndiyo maana nimeona niilinganishe ile inayotumika zaidi, miwili miwili, niseme wazi upi ningeuchukua na kwa darasa lipi. Mwalimu wa Bukavu au wa Lubumbashi ana kiwanja tofauti na changu, hilo nitalifikia.

Kipimo changu ni hiki: katika somo zima, mtoto mmoja amepiga hesabu ngapi kwa akili yake mwenyewe? Zile alizotaja mwalimu hazihesabiwi, wala zile zilizopigwa na mtoto hodari wa mstari wa mbele huku wengine wakimshangilia. Kelele na jasho hudanganya. Unaweza kurudi darasani na watoto waliochoka, wenye furaha, na ambao hawakupata hata hesabu tano kila mmoja.

Mbio za kupokezana au kujipanga makundi?

Mbio za kupokezana ndizo karibu kila mwalimu huanza nazo. Mistari minne, kipande cha karatoni upande wa pili, mtoto anakimbia, anaandika jibu la 7 × 6, anarudi, anamgusa mwenzake begani. Vigelegele vinafika mpaka ofisini kwa direkta.

Sasa chukua kalamu. Watoto 54 kwa mistari minne ni 13 au 14 kila mstari. Kwenda mita 15, kuandika na kurudi ni kama sekunde 25. Kwa hiyo aliyemaliza atangoja karibu dakika 6 mpaka zamu imrudie. Toa dakika 6 za kutoka na kujipanga, unabaki na 24. Kila mtoto amepiga hesabu nne. Nne! Akiwa amekaa na daftari lake angepiga ishirini bila kutoa jasho.

Ubaya wake wa pili hauonekani kwenye mahesabu hayo. Mbio zinatuza miguu. Mtoto mwepesi wa kukimbia anaandika namba yoyote ili awahi kurudi, na yule anayefikiri kwa utulivu anasikia mstari mzima ukimpigia kelele jina lake. Mtoto wa namna hiyo, ambaye tayari anaiogopa hesabu, umempa sababu ya kuiogopa mbele ya watu.

Kama unazipenda mbio (na watoto wanazipenda, tusijidanganye), vunja mistari. Mistari tisa ya watoto sita sita inafupisha mzunguko hadi dakika mbili na nusu, na kila mmoja anapata zamu kama tisa. Pointi zitolewe kwa majibu sahihi; aliyefika wa kwanza asipewe chochote kwa kufika tu. Halafu wanaongoja wasikae bure: mwenzao akiandika, wao wanaonyesha kwa vidole kama jibu ni sawa au limekosewa.

Kujipanga makundi ni mchezo ambao hauna kifaa hata kimoja. Watoto wanatembea ovyo kiwanjani, mwalimu anapaza sauti, «Nne!», kila mtu anatafuta wenzake watatu, wanashikana mikono, wanachutama. Mzunguko mmoja ni kama sekunde 45, kwa hiyo dakika 24 zinatoa mizunguko 32. Kuna watoto watakaovutwa na wenzao bila kufikiri, hilo nalijua. Tuseme nusu ya mizunguko inampita mtoto hivihivi: bado amepata 16, mara nne ya zile mbio za mistari minne.

Lakini mchezo huu ukichezwa kama ulivyo, hesabu yake ni ndogo. Ni kuhesabu hadi nne tu. Hesabu inaingia ukiuliza kabla ya filimbi: «Tuko 54, nikisema nne, wangapi watabaki?» Wanaonyesha kwa vidole. Filimbi inalia, wanajipanga, yanatoka makundi 13 na wawili wamebaki wamesimama. Kwa saba: makundi saba, watano wamebaki. Hapo mgao wenye baki, ule unaowasumbua kwenye ubao, wameuona ukiwa umesimama na viatu vyake.

Waliobaki usiwatoe nje ya mchezo. Kumtoa mtoto ni kumfundisha kutazama. Wape kazi: wao ndio wachague namba inayofuata, na lengo lao liwe namba ambayo haimwachi mtu. Kwa watoto 54 watagundua mbili, tatu, sita, tisa, na mwishowe kuna atakayesema kumi na nane, kiwanja kizima kigawanyike vikundi vitatu vikubwa. Siku moja mtoto mmoja aliugua, tukawa 53. Wakajaribu mbili, akabaki mmoja. Tatu, wakabaki wawili. Nne, akabaki mmoja. Tano, wakabaki watatu. Walipofika saba, mtoto mmoja wa kike aliweka mikono kiunoni akasema, «Mwalimu, leo namba yetu ni mbaya, haikubali mtu.» Somo la namba tasa ningelianza wapi pengine kama si hapo?

Kwa hiyo kwa darasa kubwa la tatu na la nne, mimi nachukua makundi. Mbio nazibakiza kwa siku moja moja, na kwa mistari mifupi.

Mareli au mstari wa namba?

Hapa tuko darasa la kwanza na la pili. Mareli kila mtoto anaijua: visanduku vilivyochorwa chini, unarusha kijiwe, unaruka kwa mguu mmoja. Kwa kuwa imekwisha kuwa yao, hutumii muda kuieleza. Unaandika namba ndani ya visanduku, mtoto anaruka, anajumlisha alizokanyaga.

Mstari wa namba ni mkavu zaidi. Mstari mrefu wa chokaa, alama kuanzia 0 hadi 20, kila alama umbali sawa na mwenzake. Kijiti cha sentimita 40 kinatosha kuupima. Mtoto anasimama kwenye 3, unamwambia ongeza 4, anaruka mara nne, anafika 7. Toa 5, anarudi nyuma, yuko kwenye 2.

Kwa kupendeza, mareli inashinda. Kwa kujumlisha na kutoa, nachagua mstari, na sababu ni kosa moja ambalo kila mwalimu wa darasa la kwanza amekwisha kuliona. Mtoto anayeanzia 3 na kuongeza 4 anahesabu pale aliposimama kuwa ni moja: tatu, nne, tano, sita. Jibu lake, sita. Visanduku vya mareli vinalilea kosa hilo, maana mtoto anahesabu visanduku, na yuko tayari ndani ya kimoja. Kwenye mstari anahesabu miruko. Mruko wa kwanza haupo mpaka miguu iondoke chini. Mwache akosee, kisha mwambie aruke tena huku akisema «moja» miguu inapotua; mwili unamsahihisha kabla yako.

Umbali sawa kati ya alama nao una kazi. Mtoto akitembea kutoka 2 hadi 18 anasikia kwa miguu yake kwamba 18 iko mbali, na kwamba 9 na 10 ni majirani. Mwaka 2011 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, waliwapa watoto wa chekechea zoezi la kulinganisha namba kwa kukanyaga upande wa kushoto au wa kulia wa mkeka wa elektroniki, wakawalinganisha na zoezi kama hilo lisilo na mwendo wa mwili. Wale waliotembea waliendelea vizuri zaidi katika kuweka namba mahali pake kwenye mstari. Walikuwa watoto wachache, kwa hiyo usiufanye msahafu. Lakini chokaa inafanya kazi ya mkeka ule ule bila umeme.

Shida ya mstari ni foleni, kama mbio. Dawa: chora mistari sita, watoto tisa kila mmoja. Mmoja anaruka, wanane wanatangulia kuonyesha kwa vidole atatua wapi, kisha yeye anaruka kuwahakikishia. Anayeruka ni mmoja, wanaohesabu ni tisa. Kupokezana kwenyewe kunaenda haraka.

Mareli usiitupe. Iache kwa kutambua namba, kwa watoto ambao bado wanachanganya 6 na 9, na kwa rekreasyo, ambako wataicheza wenyewe bila wewe kusema neno. Namba za visanduku andika wewe asubuhi, uzibadilishe kila wiki.

Kuhusu lugha ya kuita namba: darasa la kwanza na la pili, Kiswahili, kwa kuwa ndicho wanachofundishiwa na ndicho wanachoota nacho. Kuanzia la tatu changanya na Kifaransa kidogo kidogo, maana ndicho watakachokutana nacho kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi.

Kamba na nzango

Tukifika jedwali la kuzidisha, kamba haina mpinzani wa kukaririsha. Wawili wanazungusha, mmoja anaruka, wote wanaimba: saba, kumi na nne, ishirini na moja, ishirini na nane... Mdundo unashika kumbukumbu. Kamba unaipata kwa kuunganisha mipira ya ndani ya magurudumu iliyokatwa vipande virefu, au kamba ya kawaida ya sokoni, mita nne kwa kundi.

Ila ujue unachonunua. Mtoto aliyekariri kwa kamba, ukimwuliza ghafla 7 × 8, anafumba macho na kuanza upya tangu saba. Anao wimbo, bado hana jedwali. Ili kuuvunja wimbo, mwanzishe katikati: aingie kwenye kamba akianzia 35. Au warudi nyuma kutoka 70. Kurudi nyuma ni kugumu hata kwetu walimu. Jaribu kwa saba uone.

Nzango kwa wenzetu walioikosa utotoni: timu mbili zinakabiliana, mmoja mmoja anatoka kila upande, wanaruka, wanapiga makofi kwa wimbo, kisha kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Miguu ikikutana, pointi ni ya timu moja. Ikipishana, ni ya timu ya pili. Ndivyo wasichana wanavyoicheza viwanjani, na ndivyo inavyotosha kwa somo.

Watu huidharau kwamba haina hesabu. Mimi naiona ina hesabu nzuri kuliko kamba, kwa sababu ndogo tu: kila mzunguko lazima mtu apate pointi. Hakuna sare. Basi ukicheza mizunguko 20, pointi za timu zote mbili zikijumlishwa ni 20, siku zote. Timu ya kushoto ina 13? Usitazame ubao, niambie ya kulia ina ngapi. Timu hii inaongoza kwa 4 baada ya mizunguko 20, kila moja ina ngapi? Swali hilo la pili darasa la nne linatoa jasho kuliko kuruka kwenyewe, na jibu lake ni 12 na 8. Halafu uliza: je, inawezekana timu ikaongoza kwa 3 baada ya mizunguko 20? Wape muda. Haiwezekani, na mtoto atakayeeleza kwa nini amekwisha kuelewa shufwa na witiri vizuri kuliko kitabu kilivyozieleza.

Darasa la tano na la sita unaweza kuongeza jambo la bahati: mchezaji ana miguu miwili, mpinzani ana miwili, njia ziko nne, mbili zinakutana na mbili zinapishana. Basi kwa nini fulani anashinda kila mara? Kwa sababu mpinzani wake ana mazoea ya mguu wa kulia. Waandike mizunguko ya mchezaji mmoja kwa alama, wahesabu kulia mara ngapi na kushoto mara ngapi, watoe asilimia.

Lipo jambo la wavulana. Wataanza kwa kusema ni mchezo wa dada zao. Waache wafungwe mara mbili tatu, watanyamaza.

Kati ya kamba na nzango basi: ukiwa na wiki mbili kabla ya zoezi la jedwali, kamba. Ukitaka watoto wafikiri, nzango. Tatizo la nzango ni lile lile la wachezaji wawili kucheza na hamsini kutazama, kwa hiyo usicheze timu kubwa mbili. Gawa darasa jozi jozi, kila jozi icheze mizunguko kumi na kuandika kwa vijiti chini. Watoto 54 ni jozi 27, wote wanaruka kwa wakati mmoja, na wewe unapita katikati ukiuliza maswali.

Kuna mchanganyiko mmoja wa jimu (somo la mazoezi ya mwili) na hesabu ambao sitaki kuuona: aliyekosa jibu apige pompi (push-up) kumi. Unafundisha mambo mawili kwa pigo moja, kwamba hesabu ni hatari na kwamba mazoezi ya mwili ni adhabu. Kama lazima pompi zipigwe, zipigwe na waliopata, kwa kushangilia.

Kupima, kwa wakubwa

Darasa la tano na la sita wanachoka upesi na michezo ya kupanga namba. Wanaona ni ya wadogo. Wape kipimo. Mapigo ya moyo hayahitaji kitu ila saa yenye sekunde: vidole viwili shingoni, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Aliyekaa akapata 22 ana mapigo 88 kwa dakika. Akimbie mahali pamoja dakika mbili, ahesabu tena, akipata 35 ni 140. Ongezeko ni 52. Wastani wa kundi ni ngapi? Baada ya dakika tatu za kupumzika yameshuka kiasi gani? Hapo kuna kuzidisha, kutoa, wastani, hata mchoro, na kila mtoto ana namba yake ambayo hawezi kuinakili kwa jirani. Kwa kipimo changu hakuna kinachoushinda.

Kurusha mpira wa matambara na kupima umbali ni kuzuri kwa mita na sentimita, ila kipimo kirefu kimoja kwa darasa zima kinaleta foleni tena. Kateni kamba za mita moja, kila kundi liwe na yake, sehemu ndogo wapime kwa rula.

Saa ya jimu, au saa ya hesabu?

Hili direkta atakuuliza, na mkaguzi pia: umeliandika wapi kwenye jurnali ya darasa? Njia ziko mbili. Unaweza kuingiza hesabu ndani ya saa ya jimu, au mwendo ndani ya saa ya hesabu.

Kwa maoni yangu ingiza mwendo ndani ya saa ya hesabu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya nguvu ya wastani au zaidi. Saa ya jimu ikijaa maelezo, foleni na vipande vya chaki, watoto wanasimama kuliko wanavyokimbia. Waachie mpira wao. (Ingawa mtoto aliyepandisha bidoni ya maji kutoka ziwani kabla ya masomo hahitaji kuambiwa na mtu yeyote kwamba anakaa sana. Huyo ukimwona anasinzia, mruhusu akae.)

Ushahidi wenye nguvu ninaoujua uko upande huo huo. Uholanzi, watafiti wa Groningen walifuata watoto 499 wenye umri wa kama miaka minane kwa miaka miwili, na matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Masomo yalikuwa matatu kwa wiki, dakika 20 hadi 30 kila moja, ndani ya darasa: watoto wamesimama kando ya madeski yao, wanajibu kwa kuruka na kupiga hatua mahali pamoja. Mwishoni waliwapita wenzao katika hesabu na katika tahajia. Katika kusoma hapakuwa na tofauti. Angalia kwamba hawakutoka nje hata kidogo, na kwamba ilichukua miaka miwili, tena kwa mazoezi ya kurudiarudia.

Utafiti mwingine wa mwaka huo huo, wa Denmark, una jambo la kututahadharisha. Watoto 165 wa darasa la kwanza, wiki sita. Waliotumia mwili mzima kujifunza hesabu waliendelea vizuri kuliko waliotumia mikono tu kuchezea vitu vidogo. Lakini faida hiyo iliwapata wale wa kiwango cha kawaida. Waliokuwa dhaifu katika hesabu hawakufaidika nayo. Mimi siushangai. Mtoto ambaye bado hajui 5 na 3 ni ngapi, ukimwongezea kuruka, kusikiliza, na kutazamwa na wenzake, umemtwika mizigo minne badala ya mmoja. Huyo mpe kwanza vifuniko vya soda mbele yake, akae, ahesabu polepole. Kesho yake ndipo aruke.

Kiwanja chako kinaamua

Goma tumejenga juu ya lava. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na viwanja vingi vya shule ni mawe yenye makali yaliyofunikwa vumbi jeusi. Mtoto akianguka akikimbia, goti linachanika kama limepitishwa kwenye tupa. Michezo ya mwendo kasi hapa ni ya walio na sehemu iliyosawazishwa. Wengine wote, tembeeni. Makundi, mstari wa namba na nzango vinachezeka mahali ambapo mbio hazifai, na hiyo ni sababu nyingine ya kuvichagua. Faida yetu ni kwamba chokaa nyeupe juu ya ardhi nyeusi inaonekana hata kutoka mstari wa mwisho.

Jambo la pili la Goma: shule zilizoko mabondeni upande wa magharibi, kuelekea ziwani, ziangalie mazuku. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, isiyoonekana, inayojikusanya sehemu za chini hasa asubuhi pasipo na upepo. Mchezo wa kuchutama au kulala chini usichezewe shimoni. Pandisheni watoto juu, au subirini jua na upepo.

Bukavu shida ni mteremko. Mpira unaanguka mpaka kwa jirani, na mvua ikinyesha udongo unateleza. Mstari wa namba uchorwe kukata mteremko, usiufuate, la sivyo kuongeza kunakuwa rahisi kuliko kutoa kwa sababu zisizo za hesabu. Lubumbashi wana raha ya uwanda: ardhi nyekundu, tambarare, unachora kwa kijiti tu. Huko mbio za mistari tisa zinawezekana kweli, na kuanzia Mei hakuna mvua ya kufuta ulichochora. Vumbi ndilo linalokera, mwagia maji kidogo kwanza.

Na kokote ulipo, kuna shati jeupe. Mama mmoja alinisimamisha getini: «Mwalimu, sabuni ya wiki nzima imeisha kwa shati moja.» Alikuwa na haki. Siku ya mchezo wa kuchutama au kugusa chini itangazwe mapema, mtoto aje na fulana ya zamani ndani, na wasichana wavae kaptula chini ya sketi ya buluu ili waruke bila wasiwasi.

Mvua ikikukuta

Mabati yakianza kupigwa hakuna atakayekusikia, kwa hiyo michezo ya kuita namba imekufa. Andika ubaoni. Kama sakafu ni ya saruji, watoto wanaruka jibu mahali walipo: 3 × 4 ubaoni, miruko kumi na miwili, anayeacha kwenye kumi na moja anaonekana na jirani yake. Kama sakafu ni ya mbao, kama ilivyo kwenye shule zetu nyingi hapa, watoto 54 wakiruka pamoja darasa la jirani litakuja kugonga. Badilisha: jibu likiwa shufwa simama, likiwa witiri kaa, jibu likizidi 50 mikono juu, likipungua mikono mabegani. Andika 28 + 17, subiri hadi wote wawe wametulia, kisha ndipo uonyeshe jibu, maana ukiwahi, wa nyuma watawafuata wa mbele. Ukiona wanafuatana tu, waambie wafumbe macho kabla ya kusimama.